Milango Arobaini ya Larysa

Orest Halchuk alifanya kazi katika kiwanda cha chuma mjini Hamilton kwa miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga jumba la sanaa. Jumamosi ile alikwenda kwa sababu bintiye, Larysa, alimpigia simu mara tatu kumwomba.

Ukumbi mzima ulijaa milango mikuukuu, arobaini, imening'inizwa kwa waya kutoka darini. Larysa aliikusanya kwenye nyumba zilizobomolewa mitaa ya kwao. Ukifungua mmoja, spika iliyofichwa ndani yake hutoa sauti za jikoni: sufuria zikigongana, mtoto akideka, mtu akipiga mluzi. Orest hakujua asimame wapi wala mikono aiweke wapi.

Hapo ndipo alipokutana na Duncan, mwenzake wa zamu moja kiwandani, aliyekuwa akimsubiri mkewe atoke darasa la uchoraji ghorofani. Duncan alifungua mlango, akaufunga, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Kama hii ni sanaa, bwana, basi banda langu la uani ni makumbusho," alisema. "Huyu aliyetundika takataka hizi unamjua?"

Ukutani paliandikwa Larysa Danko, jina la ukoo wa mama yake. Duncan hakuwa na njia ya kugundua.

"Nimjulie wapi?" Orest akajibu, na kicheko kikamtoka. "Watu wamekosa kazi."

Mlango wa kijani mbele yao ukasogea. Nyuma yake alisimama Larysa na bisibisi mkononi. Alikuwa akikaza waya uliolegea. Aliwapa mkono wote wawili, Duncan kwanza, akawakaribisha kwa adabu ya mwenyeji kwa wageni, akawaeleza milango ilitoka mitaa gani. Kila aliposema "ninyi wazee wangu," uso wa Orest uliwaka moto.

Duncan alipotaka kuaga, Orest akamshika mkono. "Duncan, nimekudanganya. Huyu ni binti yangu wa kumzaa."

Duncan akavua kofia, akaomba radhi kwa kubabaika, akapanda ngazi upesi kumfuata mkewe.

Orest alijaribu kumweleza Larysa kwamba aliogopa kuchekwa. Alipojisikia akiyasema hayo, mtu mzima wa miaka sabini, aibu ikamzidi.

"Nilikusikia, baba," Larysa alisema. "Na siwezi kukwambia haikuniuma. Ule mweupe pale pembeni umeufungua?"

Hakuwa ameufungua. Larysa akaitwa na wageni, akaenda. Orest akauvuta mlango mweupe, na sauti ya marehemu mkewe ikatoka, ikimgombeza kwamba supu inapoa.

Alisimama ameushikilia wazi mpaka watu wakapanga foleni nyuma yake. Mama mmoja akamuuliza kama anamfahamu anayesema.

"Mke wangu," alijibu. "Na aliyeutundika ni binti yetu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kusikika, lakini Larysa alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amewapa mgongo.