Sikio la Kaka

Kaka yangu amepiga gitaa la bendi miaka kumi na tisa, na muda wote huo ameniita mbonyeza vitufe. Mimi ni fundi mitambo wa studio. Alinitambulisha hivyo hata kwa wakwe zangu, wakacheka, nami nikacheka huku roho inaniuma.

Sauti ya gitaa lake ilitoka kwenye amplifaya ya zamani, ile ya taa za kioo zinazowaka ndani, na pedali sita za kubadilisha sauti alizokuwa akizifuta vumbi kwa fulana yake mwenyewe. Mimi nilikuwa na programu ya kompyuta inayoiga vyote hivyo. Ziara ilipokaribia, kiongozi wa bendi aliangalia gari, akaangalia na lile lisanduku la amplifaya.

"Hili tukilibeba, mpiga ngoma akae wapi? Mdogo wako anasema kompyuta inatosha."

"Kompyuta haina roho," kaka akasema. "Nijaribuni. Nitawaambia ipi ni ipi."

"Haya. Ukipatia mara tatu, linakwenda. Ukikosa hata moja linabaki, na sitaki kelele."

Amplifaya tuliiweka chumba cha pili, maikrofoni mbele yake, ili kila kitu kisikike kwenye spika zilezile. Kaka akapiga kipande kimoja, nikakirekodi kikavu, bila pedali. Kisha akageukia ukuta. Kazi yangu ilikuwa kukipitisha kipande hicho kwenye mitambo yake au kwenye programu, kwa swichi niliyoiona peke yangu. Mwamba ngoma huvutia kwake.

"Yangu," alisema ya kwanza.

Ya pili alikunja uso. "Kompyuta. Inaanza vizuri, halafu noti inakatika mapema."

Ya tatu hakungoja hata iishe. "Yangu hiyo, bwana! Nizikeni, bado nitaijua."

Alipatia zote. Nilipigwa na butwaa, maana mimi mwenyewe bila kuangalia swichi nisingeweza. Wivu ulinipanda.

"Umekosa zote, kaka," nikasema. "Pole."

Kiongozi alicheka akajishika tumbo. Kaka aligeuka akanitazama usoni, nami sikupepesa macho. Aliniamini. Mtu hategemei mtoto wa mama yake amdanganye kwa jambo kama hilo.

Nilidhani atanuna wiki moja, yaishe. Hakununa. Alifunika amplifaya kwa shuka, akapanda gari, na sasa anapigia kwenye kompyuta yangu bila ubishi. Utani wa vitufe umekwisha. Neno moja tu lingemponya, na neno hilo ninalo, silitoi.

Kabla ya kila onyesho anakaza nyuzi, anasikiliza, analegeza, anakaza tena. Kisha ananivuta pembeni, wenzake wasisikie.

"Mdogo wangu, hebu nisikilizie. Iko sawa?"

Iko sawa kila siku. Mimi hunyamaza kwanza, nimwone anavyomeza mate, ndipo nimjibu.