Mvua ya Mawe Haifiki Ruiru

Nikitembeza wageni mjini Kericho, huwa naanza na jina. Wengine husema limetoka kwa dawa, wengine husema ni jina la mtu. Nawaambia wachague wenyewe, mimi nina diploma ya utalii, sina ya ugomvi. Halafu nawaonyesha hekalu kubwa la Masingasinga, na lile kanisa la mawe ambalo ukilipiga picha watu wa kwenu watafikiri umeenda Uingereza. Ya mwisho ndiyo yenyewe: hapa karibu na ikweta, husemekana mvua ya mawe hunyesha zaidi ya siku mia moja kwa mwaka, idadi iliyo kati ya zinazoongoza duniani. Wageni huangalia juu, jua linawaka, wanacheka.

Nganga hakuwa anacheka. Alikuwa na duka la hardware town, na ekari moja ya majani chai ng'ambo ya mto kutoka kwangu.

"Wewe unahesabu hizo siku," aliniambia, "mimi zinanichapa."

Mvua ya huku ina ubaguzi. Itapiga shamba lako mpaka majani yachanike kama gazeti la kufungia nyama, na kwa jirani hata kuku hajakimbia. Kwa hivyo tulikuwa na sheria: aliyepona ndiye anapiga simu. Aliyepigwa hapigi, itakuwa ni kama anaomba kuhurumiwa. Anakaa tu jikoni akingoja pole. Na pole ya Nganga haikuwa ya kanisani. Angesema, "Kipruto, nasikia mbinguni wamekuchumia bure." Wiki inayofuata mawe yanampata yeye, namrudishia. Miaka kumi na tisa. Na tangu mke wangu Chepngeno afariki, kuna wiki simu hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya pekee kwa hiyo nyumba.

Mwezi wa pili watoto wake wakamhamisha Ruiru, kule karibu na Nairobi, magoti yake yamekataa baridi. Tuliagana vizuri, tukala hata nyama. Kitu hatukufikiria ni ile sheria. Huko Ruiru, Nganga amepona kila siku, kwa hivyo yeye ndiye wa kupiga. Lakini atajuaje imenyesha? Na mimi niliyepigwa siwezi kupiga.

Mwezi wa tatu ikanipiga. Wa nne, mara mbili. Kila mara nilikaa jikoni na simu juu ya meza, nikaingoja mpaka chai ikapoa. Nikajiambia amepata marafiki wa maana. Nikaendelea kuwaambia wageni zile siku mia moja, na kwa mara ya kwanza nikaona ni nyingi sana kwa mtu mmoja.

Jumanne iliyopita, saa tisa mchana, mabati yakaanza kupiga kelele. Nilisimama dirishani nikaona shamba la chai linageuka jeupe. Halafu nikafanya kitu sijawahi kufanya. Nikampigia.

Hakusema hata hello.

"Imekupiga?"

"Imenipiga."



"Kila siku saa tisa nakaa hapa kwa balcony, naangalia upande wa huko," akasema. "Siwezi kuona kitu. Na nikipiga na haikunyesha, utasema Nganga amezeeka."

"Pole, Nganga," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza aliyepigwa kumwambia aliyepona pole.

Akaniambia wajukuu hawamwamini. Akiwaambia barafu huanguka kutoka juu kwenye majani chai, wanasema guka, yaani babu, anaota. Halafu akaniomba nitoe simu nje, asikie mawe.

Nikajifunika sufuria kichwani, nikasimama mlangoni na mkono nje, simu ikisikia. Vidole viliniuma. Sikurudisha mkono mpaka mawe yakaisha, yakabaki matone tu.

Nilipoweka simu sikioni, bado alikuwa anasikiliza. Nilisikia anapumua. Huko kwake bodaboda ikapita, halafu ingine.