Gia Nne za Nyuma

Coccinelle ya Mama Pétronille, gari lake dogo la mgongo wa kobe, ilisikika kabla haijaonekana. Ilikuwa ikilia upande wa nyuma kama mbuzi aliyefungiwa nje kwenye mvua, na mafundi wote wa barabara ile ya Mangobo, mjini Kisangani, wakainua vichwa. Yeye mwenyewe aliketi wima usukanini, mkoba mapajani, kana kwamba kelele zile zilikuwa za gari la mtu mwingine.

Akasimama mbele ya karakana ya Arsène.

"Arsène, gari iko na lia."

"Nimesikia, Mama Directrice. Ni ponti ya nyuma."

Arsène alikuwa na miaka hamsini na minne na mvi hadi kwenye nyusi, lakini mbele ya mama huyu alijikuta kila mara akificha mikono mgongoni. Mama Pétronille alimfundisha darasa la tano, baadaye akawa mkuu wa shule, kisha akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuacha kumtazama kama mtu ambaye hajamaliza zoezi lake. Gari lile la mwaka 1967 aliachiwa na marehemu mumewe. Ndiye mwanamke wa kwanza mtaani kushika usukani, na sasa kamati ya wanawake ilimwomba afungue defile, yaani gwaride la sikukuu ya wanawake ya tarehe nane Machi: yeye mbele na Coccinelle yake, wanawake elfu mbili nyuma yake.

"Inabakia siku kumi na nane," akasema. "Zitatosha?"

"Zitabaki, Mama."

Arsène akatoa injini, akateremsha ponti, yaani ekseli nzima ya nyuma, akaifungua. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, zimebaki kama meno ya mzee. Mezani akaweka kuroni, lile gurudumu kubwa la meno linalopokea nguvu ya injini na kuzungusha magurudumu ya nyuma. Mohamadi, fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu mpole aliyetoka Kindu, akaja kutazama huku akitafuna karanga.

"Papa Arsène, tia alama. Kwa hii gari kuroni inaweza kuingia pande zote mbili. Ukikosea upande..."

"Mohamadi, mi nilifungua ponti ya kwanza wakati weye ulikuwa ungali unafukuza bata kule Kindu."

"Sawa, papa," akasema Mohamadi, akarudi kwake na karanga zake.

Kwanza kabisa zilitakiwa beringi, na mjini mzima hazikuwepo. Arsène aliuliza kila duka, kila fundi, hata padri mmoja aliyewahi kuwa na gari kama lile. Mwishowe akaambiwa kwamba huko Simi-Simi, nyuma ya nyumba ya Tonton Hugues, kuna Coccinelle iliyokufa zamani. Akaenda mbio. Aliikuta haina milango, majani yameota mahali pa taa, lakini ponti yake nzima. Na juu ya kiti cha nyuma, kuku wa rangi ya kahawia.

"Polepole!" Tonton Hugues akamnong'oneza. "Iko na lalia mayai kumi na tatu."

"Tonton, mi nitafungua chini tu."

"Utapiga nyundo?"

Arsène akajikuna shingo. "Kidogo."

"Basi hapana. Ukitikisa, mayai yatakufa. Urudi wakati vitoto vitatoka."

Arsène akabembeleza, akaapa, akaahidi mafuta ya mawese. Mwishowe akatoa silaha yake kubwa: kazi hii ni ya sikukuu ya wanawake.

"Na huyu?" Tonton Hugues akamwonyesha kuku. "Huyu si mwanamke?"

Arsène akarudisha spana zake kwenye kisanduku.

Kwa siku kumi na mbili alikwenda Simi-Simi kila asubuhi kumtazama kuku, na kuku akamtazama yeye. Alijifunza kuyajua macho yale. Usiku, alipofumba yake, aliyaona. Tarehe nne Machi, vifaranga wa kwanza walipochungulia, Arsène alifurahi kuliko alivyofurahi mzaliwa wake wa kwanza alipozaliwa, jambo ambalo hakulisema nyumbani.

Sasa zilibaki siku nne. Akatoa zile beringi, akafanya kazi kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Akaosha kila kitu kwa petroli, akafunga ponti, akarudisha injini. Tarehe saba jioni gari likiwa bado juu ya matofali, akaliwasha na kutia gia. Magurudumu yakazunguka bila kelele, laini kama mafuta ya mawese. Arsène akayatazama mpaka machozi yakamlenga. Aliona kwamba yanazunguka. Hakuangalia yanazunguka kuelekea wapi.

Asubuhi ya sikukuu Mama Pétronille akafika amevaa kitambaa kipya cha tarehe nane, kilemba kirefu na glavu nyeupe. Gari lilikuwa limeteremshwa na kuoshwa. Akaingia, akawasha, akatega sikio.

"Kimya," akasema. Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kumwambia Arsène.

Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Coccinelle ikaenda nyuma, ikavuka barabara na kuangusha matairi ya Mohamadi.

"Mama, umetia marche arrière," Arsène akasema akimkimbilia.

"Mi nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Unafikiri sijui moja iko wapi?"

Akatia ya pili. Gari likarudi nyuma zaidi, sasa kwa haraka, na Mohamadi akaruka pembeni kikombe mkononi. Mama Pétronille akakanyaga breki. Akafikiri kidogo. Kisha akatia gia ya kurudi nyuma, na Coccinelle ikasogea mbele taratibu, kwa heshima, mpaka mlangoni pa karakana.

Mohamadi akajaribu kunywa chai yake, akashindwa, akakaa chini juu ya tairi, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

"Ni baridi," Arsène akasema. "Mafuta ya gia ikipata moto kidogo..."

"Arsène. Angalia mimi."

Akamwangalia. Mikono ilikuwa tayari mgongoni.

"Niligeuza kuroni, Mama. Nimeiweka upande mbaya."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gari iko na gia ine za nyuma, na moja ya mbele."

"Kutengeneza itakamata muda gani?"

"Siku nzima. Lazima injini itoke."

Defile ilikuwa inaanza baada ya saa moja. Mama Pétronille akatazama mbele kupitia kioo, na Arsène akasubiri hukumu kama alivyozoea zamani.

"Moja ya mbele inatosha," akasema. "Defile si rallye."

Ila kulikuwa na jambo moja. Gia ile, kwa uzee, haikukaa: mtu akiachia mkono tu, inaruka. Ilibidi mtu aishike kwa nguvu njia nzima. Mama Pétronille akamwonyesha Arsène upande wa pili.

"Ingia. Lakini mwanaume hawezi kufungua defile ya wanawake. Utainama chini."

Hivyo Arsène alikwenda kwenye sikukuu akiwa amejikunja mbele ya kiti, magoti kidevuni, amefunikwa kitenge, mikono miwili kwenye gia. Hakuona chochote. Alisikia fanfari ya matarumbeta, nyimbo, na nyayo za wanawake elfu mbili. Injini ilipiga kelele kubwa kwa mwendo wa mtu anayetembea, na huko nje watu walisema: angalieni mama huyu anavyoendesha kwa adabu, hana haraka ya dunia. Jasho lilimwingia Arsène machoni. Mguu wa kushoto ulikufa ganzi, halafu wa kulia.

Walipita jukwaa la wakubwa karibu na Posta, makofi yakalia. Kisha gari likasimama. Mbele yao lori la vipaza sauti lililotangulia lilikuwa limepasuka tairi, likaziba njia. Kijana wa protokoli, Thierry, akaja akikimbia, beji ikimpiga kifuani.

"Mama, mbele haiko njia. Urudi nyuma, tafadhali. Polepole. Tutafungua katikati."

Akapuliza firimbi, wanawake wakagawanyika pande mbili. Mama Pétronille akageuza shingo, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti.

"Arsène."

"Mama," kikajibu kitenge.

"Tia moja."

Akatia. Coccinelle ikarudi nyuma, imenyooka kama uzi.

"Mbili."

"Mama?"

"Mbili, Arsène. Halafu tatu."

Kisangani haikuwahi kuona kitu kama hicho. Mwanamke wa miaka sabini na mbili, kilemba kikipepea dirishani, alirudi nyuma katikati ya umati kwa kasi ya pikipiki, bila kuyumba hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele. Fanfari, isiyojua la kufanya, ikaongeza mwendo. Wakubwa jukwaani wakasimama, wakidhani imo kwenye programu. Thierry akakimbia nyuma ya gari, yaani mbele yake, akipuliza firimbi mpaka pumzi ikamwishia.

Mama Pétronille aliposimamisha, upepo ulikuwa umekwisha kupeperusha kitenge.

"Kumbe iko mwanaume ndani!" mama mmoja akapiga kelele.

"Ni fundi," Mama Pétronille akajibu, akivua glavu kidole kimoja kimoja. "Iko na fanya adhabu ya darasa."

Kesho yake Arsène akavuka barabara kwenda kwa Mohamadi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu yule mtu afike kutoka Kindu.

"Bon," akasema. "Njoo unionyeshe ule upande."

Mohamadi hakucheka. Alikuwa amekwisha kucheka vya kutosha. Wakafungua ponti pamoja, wakageuza kuroni, wakafunga, na jioni Coccinelle ikaenda mbele kama magari mengine. Watoto wa barabara ile walisikitika sana.

Wiki ile ile mwanaume mmoja alifika kutoka njia ya Bafwasende na Land Rover ya zamani iliyojaa tope mpaka madirishani, ponti yake ikigonga.

"Papa, ni weye ulitengeneza ile gari ya Mama ya defile?"

Arsène alitamani sana kusema hapana.

"Ile ya kwenda nyuma? Ni mimi."

"Na ile kazi ya kuirudisha kwenda mbele?"

"Ile tulifanya na Mohamadi."

"Alors," mgeni akasema, akiwasha gari lake tena, "Mohamadi iko wapi?"

Arsène akamwonyesha kwa kidole. Kisha akaingia ndani, akachukua kisanduku chake cha spana, akavuka barabara nyuma ya Land Rover.