Kochi Linakuja

Sheha wetu alipotangaza kwamba watu wa utafiti watakuja Kiuyu, wanawake wa mwani walifurahi kuliko watu wote. Alisema wageni wataingia nyumba kadhaa zitakazochaguliwa kwa kura, watauliza maisha yakoje, halafu serikali itachagua shehia za kujengewa chanja za kuanikia mwani, chanja za juu zenye paa. Masika yaliyopita mvua ilitukuta tumeanika chini, juu ya makuti. Mzigo wote ukapauka. Mnunuzi aliushika mara moja akautupa, na Mama alirudi nyumbani akalala na nguo zake za pwani. Kwa hiyo chanja hizo tulizitaka sana.

"Hii ni kama posa," alisema Bi Mwanawema kwenye kikao cha wanawake. "Watu wa mume wakija kutazama nyumba, mwawaonyesha ukuta uliobomoka? Mwawatandikia mkeka mzuri. Nani atampa chanja mtu asiyeweza kutunza hata kijiko?"

Wote tuliona kasema kweli. Bi Mwanawema ana mtoto wake aliyeko Muscat, na mtoto huyo alimnunulia kochi la kijani lenye mito ya rangi ya dhahabu. Ikakubaliwa kwamba kochi litazunguka. Kila nyumba iliyoangukiwa na kura italipata kabla mgeni hajafika, pamoja na redio, chupa ya chai na vikombe vya maua. Ahmada na Rajab, ambao hupakia mwani kwenye magari, walipewa kazi ya kubeba. Mimi nilipewa kazi ya kumwongoza mgeni.

"Nusaiba wa Bi Shadya ndiye hasa," alisema Sheha. "Huyu hata salamu yamtoka kwa taabu. Siri atamwambia nani?"

Hakunisingizia. Niliacha skuli darasa la tano nikamfuata Mama baharini, na tangu hapo mtu nisiyemjua akinisemesha, maneno yalinikauka.

Mgeni aliyeletwa kwetu alikuwa msichana wa Unguja, jina lake Suhaila, hakunipita kwa miaka mingi. Alikuwa na kishkwambi mkononi, viatu vimejaa mchanga, na alipenda kucheka. Mimi nilikuwa nimeagizwa nimpitishe njia ndefu, ili kochi lipite njia ya mkato. Tulipokuwa tunatoka nyumba ya kwanza akasimama ghafla.

"Nusaiba, nini kile kinachopita kwenye migomba?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe wa kijani?"

Nikaongeza mwendo. Akapangusa jasho akasema, "Jua la Pemba litaniua mie," tukaendelea.

Nyumba ya pili alikaa kwenye kochi akauliza maswali yake. Nyumba ya tatu alikaa tena, na safari hii nilimwona akipapasa mkono wa kochi, mahali penye doa la chai. Tulipotoka njiani ndipo akaniambia, "Mashaallah, shehia yenu hamko vibaya. Kila nyumba ina kochi na redio."

Nilifurahi mpaka nikathubutu kuuliza. "Kwa hivyo chanja tutapata?"

"Siamui mimi, mdogo wangu. Lakini kwa ninavyoona, hapana. Zinatafutwa shehia zenye hali ngumu zaidi. Nyinyi mnaweza kujijengea wenyewe."

Nilihisi kama nimekanyaga shimo. Asubuhi nzima tulikuwa tunalibeba kochi lile kumbe linatunyima chanja. Na nyumba iliyofuata ilikuwa ya kwetu.

Mama alitupokea mlangoni, amejitanda kanga mpya. Vikombe vya maua vilikuwa vimeshafika, vimepangwa juu ya sinia. Kochi halikuwapo. Mama alizungusha macho chumbani kama mtu aliyepoteza mtoto, na Suhaila akajikalia zake kwenye mkeka.

"Bi Shadya, nyumba hii ina kochi?"

"Lipo," alisema Mama.

"Liko wapi?"

"Linakuja."

Suhaila akainua uso kutoka kwenye kishkwambi. "Linakuja? Linatoka wapi?"

"Lilikwenda kwa jirani mara moja."

Hapo hapo tukasikia sauti ya Ahmada nje. "Inua upande wako, yakhe! Mgeni ashafika!"

"We ndo ulokwamisha kwenye ua wa watu!" alijibu Rajab.

Kochi likaingia mlangoni kwa miguu yake ya mbele, likakwama. Mama akanitazama jicho la kuniambia ninyamaze. Nami nilijua nikinyamaza tu, basi, masika yajayo tutaanika chini tena.

"Si letu," nikasema.

"Nusaiba!"

"Si letu, dada Suhaila. La Bi Mwanawema. Nyumba zote ulizoingia ulikalia hili hili. Na redio ile ile. Sisi tulidhani chanja wanapewa watu wenye nyumba nzuri, kama posa. Mwani wetu uliharibiwa wote na mvua, hatukuuza hata gunia. Usituandikie kochi, tafadhali."

Suhaila alilitazama kochi pale mlangoni, akalitazama lile doa, kisha akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Na mimi nilidhani kapita mchuuzi mmoja akawauzia nyote makochi yenye doa!"

"Jamani," Ahmada aliita kutoka nyuma ya kochi, "tuingie au tutoke? Mimi nimelibeba kwa kichwa huku!"

Mama hakucheka. "N'taiweka wapi sura yangu," alisema, akajifunika kanga. Bi Mwanawema, aliyekuwa akilifuata kochi lake kila liendako lisije likachubuliwa, akachungulia dirishani.

"Nani kasema?"

"Mimi," nikasema.

"We mwana! Miaka yote huna maneno, leo ndo umeyapata?"

"Bi, asingesema ningewaandika matajiri," alisema Suhaila. "Mvua ijayo mngekaa kwenye kochi mkautazama mwani ukiharibika."

Ahmada na Rajab walikuwa wamelitua. Nusu ilikuwa ndani, nusu nje. Bi Mwanawema akaikalia ile nusu ya nje, akaupangusa vumbi mto mmoja wa dhahabu.

"Basi futa," alisema mwishowe. "Futa nyumba zote, uanze upya. Lakini ukija kwangu liandike. Hili ni langu kweli, mwanangu kalitolea jasho. Siwezi kulikana."

Tukarudi nyumba ya kwanza. Habari zilikuwa zimetutangulia, na sasa mambo yakageuka: hakuna aliyekuwa na kitu. Sufuria zilikuwa zimetoweka, na hata mbuzi tuliyemkuta uani ati alikuwa wa kuazima. Nyumba ya pili mwenye nyumba alikuwa amekalia tenga lililofunikwa kanga.

"Kuku mnao?" aliuliza Suhaila.

"Kuku? Mwanangu, sisi hata yai hatulijui."

Tenga likalia koo, koo, koo.

"Wapo," nikasema, na mwenye nyumba akanifinya paja. Lakini alikuwa anacheka, na Suhaila akaandika kuku. Tulikwenda hivyo hadi alasiri, vilivyopo vikaandikwa na visivyokuwapo vikaachwa. Hata hivyo vilivyopo havikuwa vingi.

Mama alikaa bila kunisemesha mpaka siku Sheha alipokuja pwani kusema kwamba Kiuyu imo katika shehia za chanja. Hapo alinishika mkono mbele ya wenzake, akanitingisha tingisha, akarudi kwenye mwani wake.

Fundi alipoleta nguzo, wanawake wote walisema kwa wakati mmoja. Huyu anataka chanja karibu na nyumba yake, yule hataki kivuli cha mwenzake.

"Zikae pale," Bi Mwanawema aliamuru, akionyesha mchanga mweupe chini ya mikoko. "Pazuri, panaonekana na kila mtu."

Fundi akachukua jembe.

"Pale bamvua likija, bahari ikijaa sana, panaingia maji," nikasema.

Bi Mwanawema akajishika kiuno. "Kaanza tena huyu!" alisema. "Haya, mama msema kweli, tuonyeshe wapi."

Nikaenda mbele, nao wakanifuata huku wakibishana.