Kiti cha Kingi

Mwaka ule Katanga ilipojitangaza nchi, chama cha ngoma ya kalela cha mtaa wetu uitwao Kenya, hukohuko Katanga, nacho kikataka mambo mapya. Mwape, kiongozi wa vijana, akamletea mzee Chileshe kiti chenye mto.

"Baba, magoti yenu imechoka. Leo muko Kingi wetu, mutaikala tu."

Chileshe alikuwa amecheza kalela miaka thelathini, na kazi ya Kingi, mfalme wa chama, aliijua: kukaa na kutazama wengine wakicheza. Heshima gani hiyo, kumzika mtu akiwa amekaa! Alinuna, akakaa.

Ngoma ilipolia, bega lake la kushoto halikungoja ruhusa. La kulia likafuata, kisha leso mkononi, kisha visigino vya viatu vilivyong'arishwa vikaijibu ngoma chini ya kiti. Akina mama wakapiga vigelegele, wakawapa vijana kisogo, wakamzunguka yeye. Chileshe akacheka mpaka machozi. Hata enzi za magoti mazima hakuwahi kucheza hivi.

Jumapili iliyofuata vijana kumi na wawili waliingia kiwanjani, kila mmoja amebeba kiti chake.

Chileshe akawatazama, akasukuma chake kando, akasimama.