Mishipi Miwili Sahare

Praxeda alizaliwa katika kambi ya mkonge huko Mwera, upande wa Pangani, ambako wazazi wake walifika kutoka Songea kutafuta kazi. Kwao hakuna aliyevua. Alipoolewa na Methusela wakahamia Ngamiani, mjini Tanga, alikuwa fundi cherehani hodari, lakini hakujua hata ndoana inashikwa vipi.

Aliyemfundisha ni jirani yake Semeni, mwanamke wa Kipemba ambaye mumewe alikuwa baharia na mara nyingi hayupo nyumbani. Semeni alikua na mshipi mkononi tangu utotoni, akivua kwa kujifurahisha tu, na hapo Ngamiani alikuwa amekosa mtu wa kuvua naye. Basi kila Jumapili, Praxeda akisharudi kanisani na Semeni akishaswali adhuhuri, walishika njia ya Sahare. Walikuwa na mwamba wao pale, mpana, wenye mahali pazuri pa kukaa. Waliketi bega kwa bega, wakatupa mishipi, wakaanza kuchokozana.

"Shoga, huyo samaki wako yuko wapi? Au anangoja umshonee gauni kwanza?" Semeni angesema.

"Wako ndiye huyo anayekula chambo bure," Praxeda angejibu. "Umemfungulia hoteli."

Walikuwa na makubaliano: atakayepata kidogo ndiye atakayewapara samaki wa wote wawili. Praxeda hakupenda kupara, magamba yalimganda mikononi na kesho yake ana vitambaa vya watu vya kushona. Kwa hiyo alijifunza upesi. Alijifunza kutofautisha samaki anayedonoa na samaki aliyemeza, akajua lini avute na lini alegeze. Mwaka haukwisha, wakawa wanapokezana kushinda, na aliyeshindwa alitukanwa kwa utani njia nzima hadi nyumbani, kisha akapara.

Mwishoni mwa mwaka 1956 timu moja ya mpira ya Sahare ilitangaza mashindano ya mshipi. Yangefanyika siku ya pili ya Krismasi, mtu yeyote aje, na atakayepata samaki wenye uzito mkubwa zaidi kwa jumla angepewa taa mpya ya karabai.

Praxeda aliiona taa hiyo dukani, imening'inizwa mlangoni, kioo chake kinameta. Tangu siku hiyo haikumtoka kichwani. Usiku alishonea mwanga wa kibatari, na moshi wake ulikuwa umekwisha kumharibia shela la bibi harusi. Akajiona ameketi chini ya mwanga mweupe, nguo zinatoka safi, wateja wanapanga foleni.

Akaanza kwenda Sahare peke yake jioni, bila kumwambia Semeni. Akabadilisha ndoana, akabadilisha chambo, leo kamba, kesho ngisi. Kila mshipi ulipotikisika kidogo aliuvuta juu atazame. Alirudi na vitu vya kutia huruma.

"Zamani ulikuwa unakwenda huko unacheka," mumewe alimwambia siku moja, akitazama kapu. "Sasa unatoka hapa kama mtu aliyeitwa mahakamani."

"Nataka taa, Methusela."

"Najua. Na samaki nao wamekwisha kujua, nadhani."

Praxeda hakucheka.

Siku ya mashindano ilikuwa na jua kali na watu wengi. Wacheza mpira walikuja na ngoma zao, akina mama wakaja na masufuria. Msimamizi alikuwa Mzee Jumbe, aliyewahi kuwa mnyapara bandarini, mtu wa sauti kubwa mwenye firimbi shingoni. Praxeda na Semeni walipofika kwake kuandikisha, vijana wawili waliguna.

"Shikamoo, Mzee," wanawake wakasalimu.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuvua?"

"Tumekuja kuvua."

Mzee Jumbe akawageukia wale vijana. "Tangazo nililiandika mimi. Halikusema suruali, limesema mshipi."

Nafasi zilipigiwa kura. Praxeda alipata jiwe lililochongoka upande wa kusini, Semeni akapata la mbali, karibu na mahali watu walipokusanyika. Katikati ya wanawake hao wawili alisimama Ernesti, karani wa reli, kijana mwenye fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la kuzungushia mshipi, zawadi ya bwana wake aliyerudi Ulaya. Ernesti alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Watu walivyompigia makelele ndivyo mkono wake ulivyozidi kuwa mwepesi. Alimpungia kofia kila aliyemshangilia, akatoa changu mmoja baada ya mwingine.

Praxeda alimtazama yeye badala ya kutazama mshipi wake. Ernesti akivuta, naye anavuta. Ernesti akihamisha chambo, naye anahamisha. Alihisi macho ya watu mgongoni, akaiona ile taa imewekwa juu ya meza ya Mzee Jumbe, na vidole vyake vikawa kama vya mtu mwingine. Kufika saa sita alikuwa na pono mmoja mwembamba. Kule kwa Semeni mambo hayakuwa mazuri pia. Semeni, ambaye ulimi wake haulali, alikuwa amesimama kimya kama mti, kanga ameibana mdomoni. Hakuwahi kuvua mbele za watu maishani mwake.

Kisha mshipi wa Praxeda ukakazwa. Ulikuwa uzito wa kweli. Akauvuta kwa pupa, watu wakaona na kuanza kusogea. Kilichotoka majini kilikuwa bunju. Kikatua juu ya jiwe, kikajijaza upepo kikawa duara kama mpira, kikaviringika taratibu hadi miguuni mwa mchezaji mmoja wa timu.

"Piga goli," mtu akasema.

Umati ukaangua kicheko. Praxeda alihisi machozi yanamjaa. Angekunja mshipi wake arudi nyumbani wakati huohuo, kama asingesikia sauti anayoijua. Semeni, kule kwenye jiwe lake, alikuwa amejikunja anacheka, amejishika mbavu, na katika kucheka huko mguu ukateleza akakaa chini majini mpaka kiunoni. Hakuinuka. Aliendelea kucheka palepale.

Praxeda akamtazama, akamtazama na bunju, na kicheko kikampanda kutoka tumboni. Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Alipojifuta uso alijisikia mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vinavyombana.

Akainuka, akaenda mezani. "Mzee, kuna sheria inayokataza watu wawili kukaa jiwe moja?"

Mzee Jumbe akafikiri. "Sheria ni kila mtu na mshipi wake, na asiguse wa mwenzake. Kukaa, kaeni mtakapo."

Praxeda akamwita Semeni. "Njoo huku, shoga. Huko umesimama kama nguzo ya simu."

Semeni akaja, kanga inatiririka maji. Wakaketi bega kwa bega, mgongo kwa watu.

"Hebu niambie kweli," Semeni akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unakuja huku peke yako?"

"Nilikuja. Nilitaka ile taa."

"Na mimi pia nilikuja. Alfajiri, ukiwa umelala."

Wakatazamana. "Ulipata nini?" Praxeda akauliza.

"Mafua."

Wakacheka tena. Kisha Praxeda akatia kipande cha ngisi kwenye ndoana, akasema, "Haya. Taa mwachie Ernesti. Leo anayeshindwa kati yetu anapara wote, pamoja na wa Krismasi ya mwaka jana uliokwepa."

"Sikukwepa, nilikuwa nimejikata."

"Ulijikata baada ya kuona wingi wake."

Hapo ndipo mchana ukageuka. Maji yalikuwa yanajaa, na mshipi wa Praxeda ukaanza kuzungumza naye kama zamani. Mguso mdogo, akauacha. Mguso wa pili, akauacha. Mvuto, akakaza, na changu mnene akapanda juu akipigapiga mkia. Semeni akajibu na tasi wawili. Praxeda akatoa kolekole mdogo. Kila mmoja alipotoa wake mwenzake alimkebehi, na kila aliyekebehiwa alitupa mshipi kwa bidii mpya. Hakuna aliyegeuka kumtazama Ernesti, wala meza. Kwa kweli waliisahau.

Ernesti ndiye aliyegeuka kuwatazama wao. Aliona watu wanamwacha taratibu, wanasogea kwenye jiwe la wale wanawake wawili wanaotukanana kwa furaha. Alijaribu kuimba kuwarudisha.

Karibu na mwisho mshipi wa Semeni ulishuka ghafla ukamkata kidole. Hakupiga kelele. Akalegeza, akakaza, akalegeza tena, jasho linamtoka.

"Usimharakishe," Praxeda akamwambia, mikono yake mwenyewe ameifungia ndani ya kanga asije akaisahau sheria ya Mzee Jumbe akaugusa mshipi wa mwenzake. "Mwache achoke. Ndiyo hivyo. Kidogo tena."

Lilikuwa chewa kubwa, lenye kinywa cha kuingia kichwa cha mtoto. Lilipolazwa juu ya jiwe firimbi ikalia, na umati ukapaza sauti mpaka ndege wakaruka kutoka mikokoni.

Mizani ilisema hivi: Semeni wa kwanza, Ernesti wa pili kwa tofauti ndogo, Praxeda wa tatu. Praxeda alimwona rafiki yake akikabidhiwa taa ile aliyoiota mwezi mzima, akangoja uchungu uje. Ulikuja, mdogo, ukapita. Kilichobaki kilikuwa furaha ya kweli, na chini ya furaha hiyo hamu kali ya kumshinda Semeni Jumapili ijayo.

Mzee Jumbe akamtaka mshindi aseme neno. Semeni akafungua mdomo, akaona watu wote wale, akaufunga. Akamshika Praxeda mkono akamsukuma mbele.

"Anasema anashukuru," Praxeda akawaambia watu. "Na anasema alibahatisha."

"Sikusema hivyo," Semeni akasema, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka nyuma.

Watu wakacheka, ngoma zikaanza. Ernesti akaja amevua kofia, fimbo yake begani.

"Dada zangu," akasema, "kwenye ule mwamba ninapowaona kila Jumapili, nafasi ya mtu wa tatu ipo?"

Wanawake wakatazamana.

"Ipo," Semeni akasema. "Lakini uje unajua kupara."