Jicho la Nne la Menyu

Venkatesan, karani wa posta, aliiinua kadi ya menyu, akaishusha, akaipangusa kwa kiwiko cha shati, akaielekezea simu tena. Simu ikakataa katakata. Kadi zilikuwa mpya. Gopalan, mwenye hoteli, alizichapisha kwenye duka la steshenari lililo karibu na hekalu, kila meza na yake, zina ule mraba wa vidoti vyeusi unaoitwa QR, ili mteja aupige kwa simu na menyu ijitokeze yenyewe. Siku ya kwanza zilipendeza kweli. Lakini Kumbakonam, mji wa kusini mwa India, watu wanakula kwa mkono, sambari, ule mchuzi wa dengu, ina manjano, na manjano yakishashika kitu hayabanduki.

"Piga tena, bwana Venkatesan," Gopalan alisema kutoka kwenye kaunta.

"Nimepiga mpaka simu imepata moto. Niambie tu kwa mdomo, bajia ya vada ipo?"

"Ipo kwenye menyu."

"Kwenye menyu nimekuelewa. Kwenye sahani je?"

Kadi zilizochafuka zilipelekwa nyuma pamoja na vyombo. Huko nyuma alikuwako Alamelu, dada mkubwa wa Gopalan, na yeye ndiye aliyekuwa mpishi. Wateja walidhani mpishi ni Mani, yule bwana wa masharubu aliyesimama dirishani amevaa kofia nyeupe, akigeuza dosa, zile chapati nyembamba za unga wa mchele, kwa madaha. Dosa Mani alikuwa anageuza kweli. Ila unga, sambari, chatine, na akili ya kujua lini idli, vile vikate vya mchele vya mvuke, imeiva bila kufunua chungu, vyote vilitoka kwa Alamelu.

Alikuwa mjane. Zamani, alipokuwa na mlango wake, hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyemfikia kwa kolamu, yale mapambo ya unga yanayochorwa chini mlangoni kuleta baraka. Alfajiri alikuwa ananyunyiza maji mbele ya nyumba, anachukua unga wa mchele kwa ncha za vidole, anapanga vidoti, halafu anavizungushia mistari bila kuinua mkono. Watu walikuwa wanaruka pembeni wasiikanyage. Sisimizi nao walikuwa wanakula hapo, maana ndiyo sadaka yao. Mumewe alipofariki, mlango ukafungwa. Mkono wa mjane mlangoni ni nuksi, Gopalan alimwambia, na alimwambia kwa upole, kwa sababu alimpenda dada yake na aliipenda zaidi sambari yake. Mlangoni pa hoteli sasa palikuwa na kolamu ya stika, ya plastiki, aliyoibandika Revathi, mke wa Gopalan, ambaye kuamka mapema hakukuwa fungu lake. Alamelu alipoiona stika ile mara ya kwanza alikwenda nyuma akalia. Kitu kimoja tu alikitaka duniani: kuchora tena mlangoni pa mbele.

Basi siku hiyo ya Venkatesan aliitazama kadi iliyochafuka, akaigeuza huku na huku.

"Mani," aliita, "hii kolamu kachora nani?"

"Mashine, mama."

"Ndiyo maana. Vidoti amepanga vizuri, sikatai. Lakini tazama. Macho matatu kwenye pembe tatu, pembe ya nne kaiacha kipofu. Kolamu gani hii yenye chongo? Mtu akimaliza kazi nusu, anaona aibu. Mashine haioni aibu."

Palepale karibu na bomba la kunawia mikono palikuwa na sakafu safi ya saruji. Alamelu akainama na bakuli la unga, akaichora kolamu ya mashine mwanzo mpaka mwisho, kidoti kwa kidoti, na pale pembeni palipobaki patupu akaliongeza jicho la nne. Akasimama, akajipangusa mikono kwenye sari yake nyeupe ya ujane, akarudi kwenye chatine.

Venkatesan alikuja kunawa. Akaona mraba chini, akatoa simu kwa hasira ya mtu aliyenyimwa vada, akaupiga. Simu ikalia mara moja, menyu ikafunguka.

*Idli: laini leo. Vada: subiri kidogo, mafuta hayajapata moto. Chatine ya nazi: ya asubuhi hii. Chatine nyekundu: ya jana, iache. Kahawa: Gopalan ameongeza maji. Mpishi: Alamelu. Yule wa dirishani amewekwa kwa ajili ya masharubu.*

Venkatesan alisoma yote, akarudi mezani.

"Gopalan, nipe idli na chatine ya nazi. Na kahawa, ile ambayo hujaitia maji."

"Nani kasema natia maji?"

"Menyu yako."

Gopalan akaenda nyuma, akaupiga mraba kwa simu, akasoma. Akamtazama dada yake, akaitazama sakafu, akarudi kaunta na kutengeneza kahawa nzito.

Mpaka mchana foleni ya kunawa mikono ilikuwa ndefu kuliko ya kulipa. Watu waliokwisha nawa walinawa tena. Sisimizi nao walikwishafika, wakaanzia pembeni kama kawaida yao. Walipobeba vidoti vya vada, vada ikaisha jikoni, sufuria ikabaki na mafuta tu. Walipofika kwenye dosa ya vitunguu, Mani alijikuta ameshika mwiko mbele ya bamba tupu. Hakuna aliyelalamika. Alamelu akawa anaichora upya kila alfajiri, na wateja walizoea upesi kuuliza, "Sisimizi wamefika wapi?" kabla ya kuagiza.

Wiki haikuisha kabla Gopalan hajamwendea dada yake jikoni. Alikuwa ameshika kofia ya Mani mkononi, sijui kwa nini.

"Dada, hii kitu yako iende mbele. Watu wanakanyagana huku nyuma."

Alamelu akaacha kukoroga. "Mbele wapi?"

"Mlangoni."

Moyo wake uliruka, nasema kweli, uliruka mpaka kijiko kikamponyoka kwenye sambari. "Nitaamka mapema," alisema. "Ile stika ya wifi nitaibandua mwenyewe."

"Utaibandua, ndiyo. Ila Revathi ndiye atakayechora."

"Ahaa."

"Dada, si mimi. Unajua watu. Mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi, anakuja kula, wa kwanza kumwona ni mjane ameinama mlangoni. Wewe mwenyewe ungekula?"

"Wanakula chakula changu kila siku."

"Chakula hawakioni kikipikwa."

Alamelu alitoa kijiko kwenye sambari, akakilamba, akaongeza chumvi ambayo haikuhitajika. Siku hiyo menyu iliandika: *Sambari: chumvi imezidi. Muulizeni Gopalan.*

Kesho yake Revathi aliamka, akitukana usingizi uliomwacha, akachora. Kwa haki ya Mungu alijitahidi. Vidoti vilikaa sawa, macho manne yakatimia. Wateja wakaupiga kwa simu, menyu ikafunguka, na ilikuwa menyu ya hoteli ya Chettiyar ya ng'ambo ya barabara, pamoja na picha na punguzo la sikukuu. Wateja wakaisoma kwa makini, wakavuka barabara.

"Wewe mwanamke umetuuza!" Gopalan alipiga kelele.

"Nimeuza nini? Nimechora kama ilivyo! Mwambie dada yako aondoe uchawi wake kwenye unga."

"Unga ni wa dukani, wifi," Alamelu alisema kutoka ndani. "Nenda kanunue mwingine."

Revathi akanunua mwingine. Chettiyar akapata wateja wengi zaidi, akatuma sahani ya halua kushukuru.

Aliyetoa shauri alikuwa Mani. Alikuwa amesimama dirishani bila kazi, akisokota masharubu. "Bosi," alisema, "tatizo si mkono wa mama. Tatizo ni macho ya watu. Tuyazuie macho."

Ndivyo shuka lilivyokuja. Kila asubuhi Gopalan alishika ncha moja, Mani ncha nyingine, wakalizungusha mlangoni, na Alamelu akachora ndani yake. Wateja walisimama nje wakisubiri, simu mkononi. Chini ya shuka miguu yake ilionekana wazi, ile miguu yenye ufa kisiginoni, pete za vidole zimevuliwa tangu alipofiwa. Wote waliijua miguu ile. Venkatesan aliwahi hata kuisalimia, kisha akakohoa. Alamelu alipomaliza aliondoka kinyumenyume mpaka jikoni, nyuma ya shuka lilelile. Likashushwa, na Revathi akawa amesimama pale na sari ya hariri na bakuli la unga, nywele zina maua.

Wateja walimpigia makofi. "Mkono wa baraka, Revathi!" Kisha wakaupiga mraba kwa simu, na menyu ikasema yake kama kawaida, na chini kabisa ikaandika: *Amechora Alamelu. Yuko nyuma ya shuka.* Walisoma mpaka mwisho, wote, maana walikuwa watu wa kusoma. Halafu wakaagiza dosa.

Mwezi wa Margali, Desemba ikiishia, mke wa mwenye kinu cha mpunga alikuja mwenyewe kwa gari. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi unaofuata. Alitaka chakula cha harusi kitoke hapo, na alitaka kolamu kubwa ya menyu mlangoni kwake. Alikuwa tayari ameisoma menyu ya jana aliyotumiwa, simu bado iko mkononi, na jina la Alamelu linang'aa kwenye kioo.

"Revathi, mwanangu, utakuja kunichorea?"

Revathi akamtazama mumewe.

"Atakuja, mama," Gopalan alisema. "Tena kwa furaha. Ila mlango wenu una upana gani? Tujue shuka la kununua, hili ni dogo."

Mke wa mwenye kinu akafikiri, akatanua mikono kuonyesha. Hakuuliza shuka ni la nini.

Alamelu alikuwa bado ndani ya lile dogo, akimalizia jicho la nne. Akainuka taratibu, akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa ng'ambo kwa Chettiyar waliisikia: "Basi nunueni la rangi, Gopalan. Jekundu, kijani, lolote. Jeupe nimelivaa vya kutosha."

"Sawa, dada," Gopalan alisema. "Sawa kabisa."

Jioni alikwenda sokoni na Mani. La rangi walilishika, wakalikunjua, wakalisifia. Wakanunua jeupe, lilikuwa rahisi zaidi.